Mandhari ya Kioo cha Nyuma cha Tangi la Samaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayefuga samaki wa mapambo nyumbani au ofisini Nairobi, mwenye tangi la kioo la futi mbili hadi futi nne. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni lazima kioo cha nyuma kifunikwe?

Si lazima. Hakuna samaki aliyekufa kwa kukosa mandhari. Lakini kioo kitupu hakifichi kitu: ukuta, waya wa hita, bomba la filta na soketi vyote viko ndani ya picha unayoitazama kila jioni. Samaki naye huathirika. Tangi lililo wazi pande zote nne halimpi mahali pa kuegemea, na samaki waoga kama neon tetra, angelfish na diskasi hukimbilia pembeni kila mtu anapopita. Ukifunika nyuma, na ikiwezekana ubavu ulio upande wa mlango, wengi hutulia baada ya siku chache.

Tangi ambalo mimea imeshaziba nyuma yote halihitaji kitu. Liache lilivyo.

2. Mandhari hukaa ndani ya tangi au nje?

Nje, isipokuwa uwe na sababu nzuri. Ya nje haigusi maji, haipunguzi nafasi ya samaki, na ukiichoka unaiondoa. Ya ndani, yaani ile ya kuchongwa inayofanana na mwamba, hupendeza kuliko zote ikitengenezwa vizuri, lakini inataka tangi tupu, wiki kadhaa za subira na uhakika kwamba hutabadili nia (swali la 16 hadi la 18).

Karatasi au kadibodi ndani ya maji haifai kwa namna yoyote, hata ikiwa imefunikwa nailoni. Maji hupenya kwenye kingo, wino hutoka na karatasi huoza.

3. Kwa nini picha niliyobandika kwa selotepu imefifia na ina mabaka?

Kwa sababu kuna hewa kati ya picha na kioo. Hewa hiyo huamua uzuri wa mandhari kuliko picha yenyewe, na ndiyo maana picha moja inang'ara dukani na kuonekana chakavu kwako.

Mwanga unapotoka kwenye kioo kwenda hewani, sehemu yake hurudi. Unapovuka ile hewa na kufika kwenye picha iliyopakwa plastiki inayong'aa, sehemu nyingine hurudi tena. Unachobaki nacho ni picha iliyofunikwa utando wa weupe. Kisha siku unapobadilisha maji, matone yanateremka nyuma ya kioo na kuingia katikati. Popote maji yanaposhikanisha picha na kioo, hewa inatoka na rangi inaiva. Palipobaki pakavu panabaki pamefifia. Wengi hudhani lile baka ndilo kasoro. Hapana, baka ndilo picha ilivyopaswa kuonekana yote.

Ubavuni mambo ni magumu zaidi. Ukiwa umekaa mbele ya tangi, unatazama vioo vya ubavuni kwa mshazari mkali. Mwanga uliomo majini ukigonga kioo chenye hewa upande wa pili, kwa pembe inayozidi takriban nyuzi 49 kutoka mstari ulionyooka kuelekea kioo, hurudi wote. Ndiyo sababu vioo vya ubavuni huonekana kama vya kujitazamia, na ndiyo sababu unaweza kusimamisha ubao mweusi nje ya ubavu na usiuone kutoka mbele. Rangi iliyopakwa juu ya kioo, au vinili (plastiki nyembamba yenye gundi, kama ya stika) iliyogandamana nacho, huiondoa hewa na ule mng'ao hupotea.

Basi chochote utakachochagua, kishikane na kioo: kwa rangi (8 hadi 11), kwa vinili (12), au kwa picha iliyolazwa kwa glisarini (14).

4. Nipime vipi?

Pima kioo chenyewe. Kama tangi lina fremu ya plastiki juu na chini, pima kati ya fremu hizo. Ongeza sentimita 2 kila upande, ubandike, kisha ukate ziada kwa wembe. Picha za dukani hukatwa kutoka kwenye rola zenye vimo tofauti, basi chukua rola yenye kimo kinachozidi kioo chako. Kuunganisha vipande viwili juu na chini huacha mstari ambao jicho halitauacha tena.

## Rangi gani

5. Nyeusi, buluu, nyeupe au picha?

Kama huna sababu ya kuchagua nyingine, chukua nyeusi isiyong'aa. Inaficha mabomba na waya, inaongeza kina, na rangi nyekundu, buluu na kijani za samaki na mimea huchomoza mbele yake. Hasara zake ni mbili: samaki weusi, kama black molly, humezwa, na madoa meupe ya chumvi ya maji kwenye kioo huonekana haraka.

Buluu iliyokolea hufaa tangi la maji ya chumvi. Katika maji yasiyo ya chumvi, buluu inayong'aa hufanya tangi lionekane la hotelini, ingawa buluu hafifu ina kazi yake kwa diskasi (swali la 6). Nyeupe ya ukungu, ile filamu inayobandikwa kwenye milango ya vioo ya ofisi, inapendeza sana na mimea mingi na taa nyuma yake (swali la 22), lakini chembe yoyote ya mwani huonekana juu yake siku ya kwanza.

Rangi ambayo watu huisahau ni kijivu cha mkaa. Kwa mbuna, samaki wa kwenye miamba wa Ziwa Malawi, wenye njano na buluu kali juu ya mawe, kijivu huwaweka wazi zaidi kuliko nyeusi, kwa kuwa mistari yao myeusi haipotei.

Kuhusu picha: picha ya matumbawe nyuma ya goldfish ni hiari yako. Kama unataka picha, chagua yenye vitu vichache, mwanga unaotoka juu, na sehemu za mbali zisizo kali. Picha yenye mimea mikubwa kuliko mimea yako halisi huifanya ya kwako ionekane midogo.

6. Samaki wangu amebadilika rangi baada ya kuweka mandhari. Ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Samaki wengi hujilinganisha na mazingira. Ngozini wana seli zenye chembe nyeusi zinazotawanyika au kujikusanya, hivyo hukolea penye giza na kupauka penye weupe. Badiliko la kwanza huonekana kwa dakika au saa chache. Baada ya wiki kadhaa idadi ya seli zenyewe inaweza kubadilika, na hapo rangi haitarudi mara moja.

Wafugaji wa diskasi wanalijua hili vizuri. Diskasi wa rangi nyepesi wakiwekwa mbele ya nyeusi hutoa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyonyunyizwa, na ndiyo sababu wengi wao hupaka buluu hafifu au nyeupe. Kamba wadogo wekundu ni kinyume: kwenye mandhari na mchanga wa giza wekundu wao hukolea, na kwenye weupe hupauka.

Ukiona kupauka kunakoambatana na mapezi kubanwa, kupumua haraka au kukataa chakula, achana na mandhari. Pima amonia na joto la maji.

7. Samaki wangu anapigana na kivuli chake kwenye kioo cha nyuma. Mandhari itasaidia?

Itasaidia ikiwa imeshikana na kioo. Samaki aliye ndani hutazama kioo kwa pembe zote, zikiwemo zile kali zilizotajwa katika swali la 3. Picha iliyofungwa kwa selotepu, yenye hewa nyuma ya kioo, inaacha kile kivuli palepale. Watu hubandika picha, samaki aina ya beta anaendelea kufura mbele ya kioo, nao huamua kwamba mandhari haina kazi. Rangi au vinili humaliza sehemu kubwa ya kivuli. Kilichobaki hutoka kwenye vioo vingine, na huzidi pale chumba kinapokuwa na giza huku taa ya tangi ikiwaka. Washa taa ya chumba kabla ya kuzima ya tangi.

## Kupaka rangi

8. Nitumie rangi ya aina gani?

Rangi ya maji ya ukutani, isiyong'aa, na upake upande wa nje tu. Nunua kopo dogo kabisa utakalopata: kioo cha sentimita 90 kwa 45 hakifiki hata nusu mita mraba, kwa hiyo robo lita kwa mikono mitatu (yaani tabaka tatu za rangi) inabaki.

Rangi ya mafuta inashika kwa nguvu zaidi, lakini harufu yake ni kali, inachukua muda kukauka, na siku ya kuitoa utajuta. Rangi ya kupuliza ya mkebe hutoa uso laini, lakini ukungu wake hutua ndani ya tangi na juu ya silikoni. Ukiitumia, fanyia nje ya nyumba, tangi likiwa tupu na mdomo wake umezibwa kwa karatasi na tepu.

9. Hatua zake ni zipi?

Laza tangi tupu juu ya blanketi, kioo cha nyuma kikitazama juu. Safisha kioo kwa maji ya sabuni, kikaushe, kisha kipanguse kwa spiriti. Alama ya kidole yenye mafuta huikataa rangi, na utaiona kutoka mbele. Zungushia kingo tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ukifunika silikoni yoyote iliyojitokeza, kwa maana silikoni haishiki rangi na hubanduka vipande vipande.

Koroga rangi vizuri bila kuitia maji. Paka mkono wa kwanza kwa rola ndogo ya sponji ya inchi nne, pole pole. Huu ndio mkono unaohitaji uangalifu wote, kwa sababu uso uliogusa kioo ndio utakaoonekana kutoka mbele milele. Vumbi, unyoya wa brashi na povu vikibaki hapo, mkono wa pili na wa tatu haitavifuta. Mikono hiyo huziba mwanga tu. Mkono wa kwanza utaonekana una michirizi ya uwazi. Usiirudie ikiwa bado mbichi, maana rola itaing'oa.

Acha ikauke saa mbili hadi nne, zaidi wakati wa baridi ya Julai. Paka wa pili kwa kukatisha ule wa kwanza, na wa tatu ukihitajika. Kisha ingia chumba chenye giza, weka taa ya simu upande wa ndani na utazame kutoka nje: kila kitobo kitang'aa kama nyota. Viguse kwa brashi. Toa tepu rangi ya mwisho ikiwa bado laini kidogo, na uipe siku nzima kabla ya kuegemeza au kujaza tangi.

10. Tangi tayari lina maji na samaki. Bado naweza kupaka?

Unaweza, kama kuna nafasi ya kupitisha mkono na rola, angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Usisogeze tangi lenye maji ili upate nafasi hiyo. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 hubeba lita 182, sawa na kilo 182 za maji peke yake, na kulivuta hata kidogo hukunja stendi na kutenganisha silikoni. Ama lipunguzwe maji hadi chini kabisa, ama liachwe.

Kabla ya kupaka, hakikisha kioo hakitoi jasho. Maji baridi uliyoongeza asubuhi hukipa kioo unyevu ambao hauonekani kwa urahisi, na rangi itateleza. Funika tangi, toa filta ya kuning'inia kama iko nyuma, fungua madirisha.

Kama nafasi haitoshi, teremsha nyuma ya tangi kipande cha plaiwudi nyembamba kilichopakwa nyeusi isiyong'aa, au nailoni nzito nyeusi ya ujenzi inayouzwa kwa mita hadwea. Hewa itakuwepo, lakini uso mweusi usiong'aa huvumilia hewa kuliko picha. Kwa kioo cha nyuma kikitazamwa kutoka mbele, tofauti ni ndogo.

11. Nikiichoka, inatoka?

Rangi ya maji inatoka. Lowesha kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kwa robo saa, kisha kwangua kwa wembe mpya ukiulaza karibu kabisa na kioo. Simama sentimita moja kabla ya kila kona: wembe ukikata silikoni ya kiungo, tatizo lako si rangi tena. Rangi ya mafuta huhitaji kemikali ya kuondolea rangi, na hiyo isikaribie tangi lenye samaki.

## Vinili na picha

12. Vinili hubandikwaje bila mapovu?

Kwa maji. Mafundi wa stika za matatu hubandika kavu kwa sababu ya uzoefu, wewe usijaribu. Changanya matone matatu au manne ya sabuni ya vyombo kwenye lita moja ya maji, uitie kwenye chupa ya kupuliza. Safisha kioo kama ilivyo katika swali la 9. Puliza kioo mpaka kiloe kabisa, ubandue vinili, puliza na upande wake wa gundi, uilaze. Sabuni inaifanya iteleze mpaka ikae sawa. Sasa sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, umeifunga kitambaa laini. Vipovu vidogo vya maji huisha vyenyewe kwa siku mbili tatu. Cha hewa kitoboe kwa sindano.

Kabla ya kulipa, bandua kona ya vinili na utazame upande wa gundi. Huo ndio utakaouona kupitia maji, wala si ule mzuri ulioonyeshwa dukani. Baadhi ya vinili nyeusi zina gundi ya kijivu, na utapata tangi la kijivu.

Kuiondoa, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele na uivute polepole. Gundi iliyobaki hutoka kwa spiriti.

13. Naweza kuchapisha picha yangu mwenyewe?

Ndiyo, na wachapishaji wa mabango mjini wataifanya siku hiyohiyo, lakini waeleze inakokwenda. Stika ya kawaida huchapishwa mbele na kutiwa gundi nyuma. Ukiibandika nje ya kioo cha nyuma, samaki na wewe mtatazama gundi nyeupe huku ukuta ukifurahia picha. Kuna njia mbili. Ya kwanza, ichapishwe kwenye vinili inayoonyesha (unayoweza kuona kupitia kwake), picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, kisha ifunikwe tabaka jeupe kwa nyuma. Ya pili, iliyo rahisi na ya bei nafuu: ichapishwe kwenye karatasi nzito ya bango isiyo na gundi, ipakwe plastiki pande zote mbili, uilaze uso ukitazama kioo kwa glisarini.

Kwa kioo cha sentimita 90 kwa 45, picha yenye takriban pikseli 3,500 kwa 1,800 inatosha. Maji na umbali hulainisha vitu, kwa hiyo usihangaike na picha kubwa zaidi. Picha iliyopokelewa kupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa. Itumwe kama faili.

14. Glisarini hutumikaje?

Nunua chupa ndogo kemisti. Kwa kioo cha futi mbili, vijiko viwili vya chai vinatosha. Sambaza utando mwembamba juu ya kioo kwa kitambaa, laza picha kuanzia juu, sukuma kwa kadi kama ilivyo katika swali la 12, futa ziada pembeni. Kisha funga kingo zote nne kwa tepu inayoonyesha, hasa ya juu, maana maji yakiingia huisukuma glisarini itoke na mabaka hurudi. Vaseline nayo inafanya kazi, ila ni nzito kusambaza na kusafisha. Mafuta ya kupikia huganda, hunuka na huita mende.

15. Tinti ya gari je?

Haifai. Ya kawaida inapitisha mwanga, kwa hiyo ukuta utauona bado, na zile za bei ya chini hugeuka zambarau baada ya muda. Ile yenye mng'ao wa fedha ni mbaya zaidi: utakuwa umempa samaki kioo cha kupigana nacho.

## Mandhari ya ndani

16. Nawezaje kutengeneza mwamba wa polistirini na saruji?

Polistirini ni yale mabamba meupe mepesi yanayofungia televisheni mpya. Kata bamba litoshe kioo cha nyuma kwa kupungua milimita 5 kila upande. Kama tangi lina mihimili ya kioo juu, gawa bamba vipande vitakavyopita, na ufiche maungio kwenye nyufa za mwamba. Gundisha vipande vya juu yake kwa silikoni, chonga kwa kisu, kisha pitisha moto wa mshumaa kwa mbali ili ngozi iwe ngumu. Fanyia nje, maana moshi wake si wa kuvuta. Acha njia ya bomba la filta na nafasi ya hita; hita isiguse polistirini.

Paka uji wa saruji na maji, mwepesi kama maziwa mazito, ili uingie kwenye vitundu. Mkono wa pili na wa tatu uwe mzito zaidi, na wa mwisho utiwe oksaidi ya rangi, ileile nyekundu au nyeusi ya sakafu. Nyunyizia maji kila mkono kwa siku mbili ili saruji isikauke haraka ikapasuka. Rangi ikiwa mbichi huonekana nzito. Ikikauka hupauka, na ndani ya maji hurudi kuwa nzito.

Hesabu nafasi unayopoteza. Mwamba wenye unene wa wastani wa sentimita 5 kwenye tangi la lita 182 hula lita 20.

17. Itaelea?

Kwa nguvu ambayo watu hawaitarajii. Kila lita ya polistirini chini ya maji husukuma juu kwa karibu kilo moja, kwa hiyo ule mwamba wa lita 20 unavuta kama mtungi mtupu wa lita 20 uliozamishwa, ukitoa uzito mdogo wa saruji. Mawe yaliyowekwa mbele yake hayatauzuia. Gundisha tangi likiwa kavu kabisa, kwa silikoni inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Dawa hiyo huua samaki. Weka mistari ya silikoni kila sentimita 10 na kuzunguka kingo zote, ili samaki mdogo asipenye nyuma akafia humo. Ipe angalau siku tatu kabla ya maji. Silikoni nene iliyofunikwa hukauka polepole, nusu yake ikiwa bado laini mwamba utang'oka siku ya kujaza.

Samaki aina ya pleko hutafuna polistirini palipo na ufa kwenye saruji. Ukimfuga, ongeza mkono mmoja.

18. Saruji itaharibu maji?

Saruji mbichi hutoa chokaa na kupandisha pH, wakati mwingine hadi 10. Maji ya bomba ya Nairobi, mengi yakitoka Ndakaini na Sasumua kule Aberdare, ni laini, hayana madini ya kutosha kuzuia mpando huo, kwa hiyo pH huruka haraka kuliko kwa mtu anayetumia maji magumu. Jaza tangi bila samaki, badilisha maji yote kila siku mbili au tatu, pima pH. Endelea mpaka maji yakae siku tano bila pH kupanda kuliko ya bomba. Kawaida ni wiki tatu hadi sita. Kuongeza siki kwenye maji huharakisha kidogo, lakini pia hula uso wa saruji.

Mbuna huvumilia pH ya karibu 8 na mwamba wa saruji huwafaa. Neon tetra na diskasi hawafai nao hata baada ya wiki sita.

19. Na mawe halisi, kama Mazeras?

Vibamba vyembamba vya Mazeras, vile vya bustani, hukaa vizuri vikiegemezwa au kugundishwa kwa silikoni. Jaribu kila jiwe kwa siki kwanza: likitoa povu lina chokaa na litapandisha ugumu wa maji. Matumbawe ya Pwani hupovuka daima. Uzito wa mawe uingie kwenye hesabu ya stendi.

## Hali za pekee

20. Tangi liko karibu na dirisha. Mandhari itazuia mwani?

Itazuia mwanga unaotoka nyuma tu, na hiyo mara nyingine inatosha. Madirisha ya mashariki na magharibi huleta jua la mshazari mwaka mzima. Ya kaskazini hulipata kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, ya kusini miezi iliyobaki. Kwa hiyo tangi lililokaa vizuri Desemba linaweza kujaa kijani Juni bila wewe kubadilisha kitu. Kama jua linagonga kioo cha nyuma moja kwa moja, usitumie nyeusi peke yake, kwa kuwa hula joto. Weka nyeupe au polistirini nje yake.

21. Mandhari inaweza kupunguza gharama ya hita?

Ndiyo, kidogo. Bamba la polistirini la inchi moja juu ya rangi au vinili, nyuma na kwenye ubavu mmoja, hupunguza joto linalotoka usiku wa Juni hadi Agosti. Tokeni zitadumu zaidi, na stima ikipotea maji hupoa polepole. Kifuniko cha juu kinasaidia zaidi ya bamba, anza nacho.

22. Nataka taa nyuma ya mandhari.

Tumia filamu ya ukungu na utepe wa LED wa volti 12, kama zinazouzwa Luthuli Avenue. Taa zikibandikwa karibu na kioo utaona vidoa vya nukta nukta. Zielekeze ukutani mweupe, tangi likiwa sentimita 10 hadi 15 mbele yake, ili mwanga urudi umetawanyika. Adapta ikae juu kuliko usawa wa maji au pembeni, na waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lianguke sakafuni. Saa za taa hii zihesabiwe pamoja na ya juu, mwani haubagui.

23. Nyumba ni ya kupanga. Nifanye nini na ukuta?

Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya tangi na ukuta. Tangi lililogusa ukuta huacha kuvu ambayo mwenye nyumba ataikata kwenye dipoziti. Mandhari yenyewe ibaki kwenye kioo, isibandikwe ukutani.

24. Tangi linatazamwa pande mbili, katikati ya sebule na meza ya chakula.

Usifunike kioo kirefu chochote. Funika vioo viwili vifupi kwa rangi au vinili, kisha jenga ukuta wa mawe au mimea katikati, ukipita urefu wa tangi. Kila upande unapata mandhari yake, na samaki wanapata mahali pa kujificha wasionekane kutoka pande zote kwa pamoja.

25. Tangi langu ni la akriliki. Maelezo haya yanafaa?

Vinili na rangi ya maji zinafaa. Wembe haufai, unachuna; tumia kadi ya plastiki. Spiriti nayo iache, kwa kuwa inaweza kupasua akriliki nyufa ndogondogo, sabuni inatosha. Silikoni haishiki akriliki kwa nguvu ya kuzuia mwamba wa polistirini, kwa hiyo ya ndani iwe mawe yanayosimama kwa uzito wake.

26. Maji ya chumvi yanabadilisha nini?

Matone yakikauka huacha ukoko wa chumvi unaotambaa kwenye ukingo wa juu na kuinua vinili au tepu. Paka rangi badala yake, ukiishia sentimita moja chini ya ukingo, na upanguse ukingo huo kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila unapobadilisha maji.